Kuomba Muda wa Mashine katika Maabara za Taifa za Marekani: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti

Ukisema serikali ya Marekani inafadhili utafiti wa fizikia na kemia, wengi huwaza hundi inayotumwa kwa profesa. Hundi hizo zipo. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo haimfikii mtafiti yeyote mkononi. Inakwenda kwenye pete ya elektroni yenye mzunguko wa zaidi ya kilomita moja huko Illinois, kwenye chombo cha zebaki kinachopigwa na protoni mara 60 kwa sekunde huko Tennessee, na kwenye sumaku za Florida ambazo umeme wake ungetosha kuwasha mji mdogo. Serikali inajenga mashine, inalipa wanaoiendesha, kisha inafungua mlango na kusema: leteni sampuli zenu.

Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu kuomba pesa. Unahusu kuomba saa. Ukilishika hilo mapema, mambo mengi yanayowachanganya wageni yananyooka yenyewe: kwa nini andiko la maombi ni fupi, kwa nini hakuna jedwali la bajeti, na kwa nini mtu muhimu kuliko wote si mkurugenzi wa maabara bali fundi-mwanasayansi mmoja ambaye barua pepe yake iko chini kabisa ya ukurasa.

Kwanza, ujue unaongea na nani

Wizara ya Nishati ya Marekani (DOE) ina maabara za taifa 17. Kumi kati ya hizo ziko chini ya Ofisi ya Sayansi, na ndizo zenye vituo vingi vilivyofunguliwa kwa watafiti wa nje, takriban 28 kwa ujumla. Vituo hivi huitwa vya watumiaji, na wewe utaitwa mtumiaji hata kama una shahada tatu. Nje ya Wizara ya Nishati kuna Taasisi ya Taifa ya Sayansi (NSF), inayoigharamia maabara ya sumaku kali yenye makao Tallahassee, pamoja na NIST, taasisi ya taifa ya viwango iliyo chini ya Wizara ya Biashara, yenye kituo cha nyutroni huko Gaithersburg, Maryland.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba maabara nyingi za Wizara ya Nishati ni mali ya serikali lakini haziendeshwi na watumishi wa serikali. Berkeley inaendeshwa na Chuo Kikuu cha California, SLAC na Chuo Kikuu cha Stanford, na Argonne na kampuni iliyoundwa chini ya Chuo Kikuu cha Chicago. Mfumo huu una mizizi katika miaka ya vita na iliyofuata: Oak Ridge ilianza mwaka 1943, Argonne ikawa maabara ya taifa mwaka 1946, na Brookhaven ikaanzishwa mwaka 1947 na vyuo vikuu tisa vilivyoona kwamba hakuna kimoja kati yao kingeweza kununua kinu cha nyuklia peke yake. Kwako maana yake ni hii: kila maabara ina fomu zake, mfumo wake wa kujisajili na mkataba wake, ingawa mwenye fedha ni mmoja.

Sharti kuu ni rahisi. Kama matokeo yako yatachapishwa wazi, hulipii saa hata moja. Kama unataka kuyaficha kwa ajili ya biashara, unalipa gharama yote ya uendeshaji. Uraia wako na ukubwa wa chuo chako havimo katika hesabu hiyo. Andiko linapimwa kwa ubora wa sayansi, na watu wa mataifa mengi hupewa muda kila mwaka.

Chagua chombo kabla ya kuchagua maabara

Hapa ndipo ninapowaona wengi wakipotea. Mtu anasema, "Nataka kwenda Argonne." Argonne kufanya nini? Anza na swali lako, ulishushe hadi kwenye kitu kinachopimika, kisha uulize ni mwale gani unaweza kukiona.

Eksirei hugongana na elektroni. Kwa hiyo atomu nzito zenye elektroni nyingi huonekana waziwazi, na nyepesi kama haidrojeni na lithiamu hufifia mbele ya majirani zao wazito. Nyutroni hugongana na kiini cha atomu, na pia huhisi usumaku. Haidrojeni inaonekana vizuri, na ukibadilisha haidrojeni ya kawaida kwa deteriamu, yaani haidrojeni nzito, unaweza kuificha au kuidhihirisha sehemu ya molekuli upendavyo. Nyutroni hupenya kuta nene za chuma, kwa hiyo unaweza kuangalia ndani ya jokofu au chombo cha shinikizo bila kukifungua. Ubaya wake ni kwamba vyanzo vya nyutroni ni dhaifu vikilinganishwa na vya eksirei. Pale ambapo miligramu chache zinatosha kwa eksirei, nyutroni mara nyingi hutaka gramu nzima, na kipimo cha dakika kinakuwa cha saa kadhaa.

Kuna na elementi za kuchunga. Boroni, kadmiamu na gadoliniamu hunywa nyutroni kama mchanga unavyokunywa maji, na hesabu yako yote inaharibika. Kobalti nayo hugeuka kuwa kobalti-60, ambayo nusu-maisha yake ni zaidi ya miaka 5. Sampuli ya namna hiyo huenda ikabaki maabara muda mrefu baada ya wewe kurudi nyumbani. Ukiwa na sampuli moja tu ya kobalti duniani, fikiri mara mbili.

Kwa eksirei, vituo vya Wizara ya Nishati ni vitano: ALS huko Berkeley, APS huko Argonne, NSLS-II huko Brookhaven, na SSRL na LCLS huko SLAC, California. Havifanani. ALS ina nguvu zaidi kwenye eksirei laini, zile za kuchungulia kemia ya uso na elementi nyepesi. APS ni ya eksirei ngumu zinazopenya. Ilifungwa Aprili 2023, pete yake ya elektroni ikang'olewa na kuwekwa mpya kwa mradi wa dola milioni 815, na mwanga wa kwanza ukatoka Juni 2024, ukilenga ung'avu wa hadi mara 500 ya ule wa zamani. LCLS si pete bali ni leza ya eksirei inayotoa mapigo mafupi mno, ya kupiga picha mmenyuko wa kemikali ukiwa katikati. Mashine yake ya kwanza, ya mwaka 2009, hutoa mapigo 120 kwa sekunde. Ile mpya iliyowashwa mwaka 2023 imeundwa kufikia milioni moja. Kama swali lako halihusu mwendo wa kasi hiyo, usiombe LCLS kwa sababu ya sifa. Wapitiaji wataliona hilo kwenye aya ya kwanza.

Kwa nyutroni, Oak Ridge ina viwili katika eneo moja: SNS, inayotoa nyutroni kwa mapigo, na kinu cha HFIR cha megawati 85 kinachofanya kazi tangu mwaka 1965. Kwa ajili ya kutengeneza na kupima vitu vidogo mno kuna vituo vitano vya nano, na hivi nawapendekezea wanaoanza, kwa sababu unapata hadubini za elektroni, vyumba safi na mtaalamu pembeni yako, na foleni mara nyingi si ndefu kama ya miale. Kwa sumaku, Tallahassee ina sumaku ya tesla 45 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) isiyozimika katikati ya kipimo, na tawi lake la Los Alamos hufika tesla 100 kwa mapigo ya kufumba na kufumbua.

Kama kazi yako ni ya hesabu tupu, huhitaji hata kusafiri. Frontier ya Oak Ridge, kompyuta ya kwanza kuthibitishwa mwaka 2022 kuwa inafanya mahesabu zaidi ya bilioni ya bilioni kwa sekunde, na Aurora ya Argonne hugawiwa kupitia mpango wa INCITE, ambao hupokea maombi kutoka popote duniani mara moja kwa mwaka. Ila uje na programu iliyokwisha kujaribiwa kwenye maelfu ya vichakataji. INCITE si mahali pa kujifunzia.

Andika barua pepe moja kabla ya andiko

Kwenye pete ya elektroni, mwanga wa eksirei hutolewa kupitia milango kadhaa, na kila mlango una bomba lake, vioo vyake, kibanda chake na watu wake. Nitaita kila mmoja laini. Kila laini ina mwanasayansi wake. Yeye ndiye anayejua kwamba kipokezi kilichotangazwa kwenye tovuti kiko kwa fundi, na kwamba tanuri linafika nyuzi 900 kwenye karatasi lakini likivuka 750 linaanza kuyumba. Na andiko lako likishafika, yeye au mwenzake ataulizwa: hii kazi inawezekana?

Mwandikie wiki sita kabla ya siku ya mwisho. Usimtumie wasifu wako wa kurasa nne. Mtumie hivi:

"Tuna unga wa oksaidi ya nikeli na manganizi, miligramu 50 kwa kila sampuli, sampuli sita. Tunataka kufuatilia ukubwa wa kimiani kutoka nyuzi 25 hadi 600, kwa hatua za nyuzi 50 hivi. Kwa mashine yetu ya nyumbani vilele viwili tunavyovihitaji vinaungana. Nimeambatisha grafu. Je, laini yako inaweza kuvitenganisha, na je, tanuri lenu linakubali mrija wa milimita 0.8?"

Barua hiyo inajibika kwa dakika tano. Ile ya "tunavutiwa sana na kazi zenu na tungependa kushirikiana" haijibiki, maana haina swali. Nimeona barua ya namna ya kwanza ikijibiwa siku hiyohiyo na mtu aliyesema, "Laini yangu haifai, nenda kwa jirani yangu," na jibu hilo liliokoa nusu mwaka.

Andiko lenyewe

Jisajili kwenye mfumo wa kituo, upate namba ya mtumiaji. Uwe na namba ya ORCID, ile ya kumtambulisha mtafiti, tayari, kwani mifumo mingi siku hizi inaiuliza. Halafu angalia mzunguko wa maombi. APS na NSLS-II hupokea mara tatu kwa mwaka, SNS na HFIR mara mbili. Kuna pia maombi ya haraka kwa kipimo kifupi, na ya muda mrefu yanayodumu mizunguko kadhaa. Kwa mara ya kwanza omba la kawaida.

Andiko ni kurasa chache tu, na wanaolisoma ni wanasayansi wenzako wa nje ya maabara wenye rundo la maandiko na wiki chache za kuyamaliza. Wanatafuta majibu ya mambo manne: swali ni gani na lina uzito gani, kwa nini lazima mashine hii na si ya nyumbani, utafanya nini hasa ukishafika, na kama kikundi chako kinaweza kuchambua data itakayopatikana. La pili ndilo linaloua maandiko mengi. Ukiandika kwamba mwanga wa sinkrotroni, yaani wa pete hizi, ni mkali kuliko wa mashine ya kawaida, hujasema kitu. Weka grafu uliyopima nyumbani, onyesha mahali vilele viwili vilipoungana, sema unahitaji utenganisho wa kiasi gani. Grafu mbaya kutoka maabara yako ni ushahidi mzuri kuliko aya mbili za sifa.

Halafu hesabu ya saa. Muda hugawiwa kwa zamu, na kwenye pete nyingi zamu moja ni saa 8 kwa sababu mwale haulali. Usiombe zamu kwa kukisia. Tuchukue mfano ule wa barua: sampuli sita, kila moja vituo 12 vya joto. Kila kituo kinahitaji dakika 5 joto litulie na dakika 10 za kupima, jumla dakika 15. Vituo 72 mara dakika 15 ni dakika 1,080, yaani saa 18. Kubadilisha sampuli na kupoza tanuri, dakika 30 mara sita, ni saa 3. Kupanga mwale na kupima sampuli ya rejea, saa 3 nyingine. Jumla saa 24, zamu tatu. Andika hesabu hiyo yote ndani ya andiko, tarakimu kwa tarakimu. Mpitiaji akiiona anajua umewahi kusimama mbele ya tanuri. Na ukiomba zamu tisa kwa kazi ya tatu "ili kuwa salama", atakukata, au atakupa alama mbaya akaenda zake.

Kuhusu alama: kwenye APS na NSLS-II namba ndogo ndiyo nzuri, 1 ni bora na 5 ni mbaya. Nimemkuta mwanafunzi akisherehekea 4.2. Kwa laini zinazopendwa maombi huzidi muda uliopo mara mbili au zaidi, kwa hiyo andiko zuri linaweza kukosa nafasi bila kosa lolote. Hapo soma maoni ya wapitiaji na uulize kama andiko linabaki hai kwa mzunguko unaofuata. Vituo kadhaa huliacha hai, na kuomba muda tena ni suala la kujaza fomu fupi tu.

Karatasi: anza siku uliyotuma andiko

Usisubiri jibu. Kuna mambo mawili yanayokula miezi.

La kwanza ni mkataba wa watumiaji kati ya taasisi yako na maabara. Mtafiti hausaini. Anayesaini ni mtu mwenye mamlaka ya kuifunga taasisi kisheria, na ofisi za sheria za vyuo hupenda kubadilisha vifungu. Habari mbaya ni kwamba vifungu hivyo ni vya Wizara ya Nishati na kwa kawaida havibadiliki. Mwambie mwanasheria wako hivyo mapema, kwa upole. Uliza kwanza kama chuo chako kimewahi kusaini. Huenda mtu wa idara nyingine alishafanya kazi hiyo miaka mitano iliyopita na mkataba bado uko hai.

La pili ni kibali cha kuingia kwa wasio raia wa Marekani. Kila mgeni, hata anayeingia kwa mtandao tu kuendesha kipimo akiwa kwake, hupitiwa kabla ya kuruhusiwa. Utaulizwa pasipoti, mahali ulikozaliwa, mwajiri na aina ya kazi. Hesabu mwezi mmoja hadi miwili, na kwa raia wa nchi ambazo Marekani imeziorodhesha kuwa zinafadhili ugaidi, muda zaidi na idhini kutoka ngazi za juu. Orodha na masharti hubadilika, kwa hiyo swali la kwanza mpelekee ofisi ya watumiaji ya kituo husika, usimwulize rafiki aliyekwenda mwaka juzi.

Viza ni jambo tofauti na kibali. Kwa ziara fupi ya kupima, vituo vingi hutaka uingie kwa hadhi ya B-1, ya mgeni wa shughuli za kikazi, au kwa raia wa nchi zisizohitaji viza, hadhi ya WB. Hadhi ya utalii haikubaliki langoni hata kama viza yako imeandikwa zote mbili pamoja. Afisa wa uwanja wa ndege akikuuliza umekuja kufanya nini, usijibu "kutembea". Mwambie umekuja kufanya kipimo cha kisayansi katika maabara, mwonyeshe barua ya mwaliko, kisha kabla hujaondoka uwanjani angalia rekodi yako ya kuingia imeandikwa hadhi gani. Kuirekebisha ukiwa umeshafika lango la maabara saa mbili usiku kuna adha isiyosimulika.

Nauli na malazi kwa kawaida ni juu yako. Maabara nyingi zina nyumba za wageni ndani ya eneo lao, na weka nafasi mara tu unapopata tarehe. Maabara ya sumaku ina utaratibu wa kuwasaidia watumiaji wa mara ya kwanza, na mpango wa kimataifa wa LAAAMP huwalipia mwalimu na mwanafunzi wake kutoka nchi zinazoendelea kukaa kwenye chanzo cha mwanga kwa takriban miezi miwili.

Kama nauli haipo kabisa, usikate tamaa. Laini ya 11-BM ya APS imejijengea jina kwa kupima unga unaotumwa kwa posta. Unajaza mrija mwembamba wa plastiki ya Kapton, unautuma, roboti inaupachika, data inarudi kwa mtandao. Laini za fuwele za protini nazo huendeshwa kwa mbali na watu walioketi ofisini kwao, na fuwele zao zikiwa zimetangulia ndani ya tangi la naitrojeni baridi. Brian Kobilka, mmoja wa washindi wa Nobel ya kemia ya mwaka 2012, alipata umbo la vipokezi vya seli kwa miale ya APS, na katika fani hiyo zama za kila mtu kusafiri na fuwele zake zimekwisha.

Sampuli na fomu ya usalama

Kila kipimo kina fomu ya usalama, na kila kitu utakachoingiza ndani lazima kiwe kimeandikwa humo: unga, kiyeyusho, gesi, betri ndogo, hata gundi. Andika jina la kikemia, uzito na hali yake. Mara yangu ya kwanza niliandika "oksaidi za metali, unga". Kasha langu lilifika siku mbili kabla yangu, na likakaa stoo ya mapokezi, mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye laini, kwa sababu hapakuwa na namba ya jaribio juu ya kasha na mtu wa usalama hakujua oksaidi za metali zipi. Zamu yangu ya kwanza nilipima sampuli ya rejea, tena na tena, saa 8. Hadi leo najua kilele cha kila mstari wa oksaidi ya seriamu, ile sampuli ya rejea, kwa moyo.

Sema pia ukubwa wa chembe. Unga wa kawaida na unga wa nano havishikwi kwa utaratibu mmoja. Kama ni sumu au inawaka ikigusa hewa, sema tangu kwenye andiko. Kitu cha hatari kilichotajwa mapema hupangiwa hewa ya kutolea moshi na mtu wa kusimamia. Kilichogunduliwa siku ya kufika hurudishwa.

Mafunzo ya usalama wa mionzi na ya mtandao hufanywa kwa kompyuta kabla ya safari. Yamalize nyumbani. Ukifika unapewa beji ya kupima mionzi, unafundishwa laini kwa laini, halafu jina lako linaingizwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kugusa.

Siku ya mwale

Chumba ambamo sampuli inakaa ni kibanda chenye kuta za madini ya risasi. Kabla ya kufungua mwale, lazima uhakikishe hakuna mtu ndani, na mfumo haukuamini kwa maneno. Unaingia, unakwenda hadi pembe ya mwisho, unabonyeza kitufe, unarudi unabonyeza kingine, king'ora kinaanza kulia, unatoka, unafunga mlango, unabonyeza cha mwisho. Ukichelewa, au ukiruka kitufe kimoja, unaanza upya. Saa tisa usiku, ukiwa umebadilisha sampuli ya kumi na moja, utauchukia utaratibu huo. Usitafute njia ya mkato. Ukiuchezea mfumo huo, laini inazimwa na wewe hurudi.

Njoo watu watatu kama unaweza, si wanne wanaokesha pamoja. Mmoja alale kabla ya usiku kuanza. Anza na sampuli ya rejea inayojulikana, kisha pima ile sampuli yako muhimu kuliko zote mapema, wakati mwale ni mzima na wewe ni mzima. Mwale hukatika. Elektroni zinaweza kupotea kwenye pete kwa sababu ya umeme au pampu, ukasubiri dakika 20 au saa 5, na muda huo kwa kawaida haurudishwi.

Chambua data papo hapo, hata kwa ukali tu: chora vilele, uone kama jibu linaelekea unakotarajia. Andika daftari kwa mkono kila faili na kila hitilafu, maana jina la faili kama "jaribio_mwisho_kweli2" halitakuambia chochote baada ya miezi mitatu. Na usitegemee diski ndogo ya mfukoni. Vipokezi vya siku hizi hujaza diski hizo kwa muda mfupi. Uliza mapema namna ya kuhamisha data kwa mtandao na ni siku ngapi maabara itaihifadhi kabla ya kufuta.

Ratiba inayoamuliwa Washington

Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza Oktoba 1. Kongresi isipopitisha bajeti kwa wakati, hupitisha ruhusa ya muda ya kutumia viwango vya mwaka uliotangulia, na ikishindwa hata hilo, serikali inafungwa, kama ilivyofungwa siku 43 kuanzia Oktoba 1, 2025. Kwa kuwa maabara nyingi zinaendeshwa kwa mkataba, huweza kuendelea kwa muda kwa fedha zilizobaki, lakini si milele. Na hata pasipo kufungwa, bajeti iliyobana huonekana kwako kwa sura moja: saa za mashine zinapunguzwa. Pete kubwa huendeshwa takriban saa 5,000 kwa mwaka, zilizobaki ni matengenezo, na mkurugenzi akikosa pesa ya umeme na mafundi, anakata hapo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, epuka kufunga safari isiyobadilishika kwa Oktoba. Nunua tiketi inayohamishika.

Ukisharudi nyumbani

Makala ikichapishwa, weka maneno ya shukrani ambayo kituo kimekuandikia, neno kwa neno, pamoja na namba ya mkataba wa maabara na Wizara ya Nishati. Kwa APS ni DE-AC02-06CH11357. Halafu ingia kwenye hifadhidata ya kituo ukaisajili makala yako. Hilo la pili watu hulisahau, nami nalisema kwa sababu Wizara ya Nishati huzihesabu makala hizo inapopima kama laini fulani inastahili kuendelea. Mwanasayansi wa laini aliyekesha nawe naye hupimwa kwa hesabu hiyohiyo. Kama alichangia wazo, na si kufungua mlango tu, muulize kuhusu kuwa mwandishi mwenza kabla hujatuma rasimu, wala si baada.

Kama makala imekwama, mwandikie hata hivyo, umweleze data ilionyesha nini. Maana fomu ya andiko lako la pili itakuwa na sanduku moja ambalo la kwanza liliruhusiwa kubaki tupu: ulipewa zamu ngapi mara ya mwisho, na zilizaa nini.